Kinachosomwa Kwanza

Katika Bunge hilo la jimbo, mbunge aliyetaka kuua jambo hakuwa na haja ya kulipinga. Kupinga ni kazi: usimame, utoke jasho, utafute maneno, halafu uonekane mbaya kwa watu waliokutuma. Njia rahisi ilikuwa kuliweka la pili. Jambo likiwekwa la pili siku ya mwisho ya kikao hufa lenyewe, na waliolizika huenda zao mikono mitupu na nyuso za huzuni, wakisema loo, muda haukutosha.

Nyota Mahmoudi aliujua mchezo huo vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa rapporteur. Kila mkutano ulipofunguliwa alisimama mbele ya wenzake na kuwasomea ajenda ya siku, ordre du jour. Akimaliza, Président wa Bunge anauliza kama kuna pingamizi, anagonga nyundo yake ya mbao, na kuanzia hapo ajenda hiyo haibadiliki mpaka theluthi mbili za wabunge wakubali. Kwenye karatasi ni hatua nzito. Kwa kweli wakati Nyota akisoma, waheshimiwa walikuwa wakisalimiana, wakitafuta chaji ya simu, na wengine walikuwa bado mlangoni wakimaliza mikate yao. Wa kumsikiliza alikuwa hayupo.

Alhamisi mchana viongozi wa Bunge walikaa ofisini mwa Président René kupanga mkutano wa Ijumaa, ambao ndio ungefunga kikao. Mambo yaliyobaki yalikuwa mawili. Moja ni uteuzi, wenyewe wakiuita investiture: gavana alikuwa ameleta majina ya mawaziri wapya, na bila Bunge kuwakubali hakuna ambaye angekalia kiti. La pili ni mkataba na jimbo jirani kuhusu maji ya kuvulia samaki huko chini ya Basoko. Msimu mzima watu wa huku na wa kule walikuwa wamepigana na kukamatana, na wavuvi kadhaa wa Basoko walikuwa bado wamefungiwa upande wa pili. Mkataba ulisema wazi kwamba wataachiliwa siku mabunge yote mawili yatakapokuwa yameuidhinisha. Wenzao walikwisha kuuidhinisha. Lilibaki hili la Kisangani.

"Bon," alisema René huku akijipepea kwa jalada, maana umeme ulikuwa umekatika tena. "Tunaanza na investiture ya baministres. Mukataba itafuata. Iko mutu ana neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Na hapa ndipo penye uchungu: mkataba haukuwa na adui hata mmoja. Ukimuuliza mbunge yeyote angekuambia ni mzuri, ni wa amani, ni wa lazima. Ila wote waliokuwa mezani walijua kwamba mawaziri wakishakubaliwa, watu wa gavana watakimbilia kwenye sherehe, viti vitabaki vitupu, akidi haitatimia, na mkataba utalala mpaka kikao kijacho, mvua zitakapokuwa zimekwisha. Na walijua pia kwamba ukianza mkataba, wabunge wa mtoni watapiga kura yao na kuwahi mashua ya alasiri, na hapo uteuzi ndio utakaolala.

"Na weye, Honorable Nyota?" René alimgeukia akitabasamu. "Ooh, pardon. Weye hatukuulize. Ni yaya yako ndiye tunamutafutia kiti."

Wakacheka. Nyota naye akacheka. Miongoni mwa majina ya gavana lilikuwamo la Zuberi Mahmoudi, waziri wa usafiri, kaka yake wa pekee, ndiye huyo yaya. Gavana alikuwa amemchukua shingo upande, kwa kusukumwa na wafanyabiashara wa mji. Majina hayo yakilala, yakija mengine, la Zuberi halitakuwamo. Hilo halikuwa siri kwa yeyote.

Nyota aliinuka. Akakusanya karatasi zake, akaondoka.

Alipanda toleka mpaka soko la Tshopo, akashuka kwenye baiskeli akiwa na nia ya kupita haraka, lakini Chimène alikwisha kumwona. Chimène aliuza samaki wa moshi pale pale ambapo zamani alikaa na marehemu mama wa Nyota na Zuberi, meza moja, mwavuli mmoja. Mumewe, Hugues, alikuwa mvuvi wa Basoko. Ni Mkristo, lakini kila Idi samaki mkubwa kuliko wote alifika kwa akina Mahmoudi, na akichelewa yule samaki, mama alikuwa anakataa kupika. Sasa Hugues alikuwa mmoja wa waliofungiwa upande wa pili wa mpaka.

"Mama Honorable! Kesho ndiyo mukataba itapita?"

"Iko ndani ya ordre du jour," Nyota alijibu.

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na lilikuwa la uongo kupita uongo wenyewe. Chimène akashika kichwa kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauzaji wa jirani wakageuka.

"Mutu mumoja wa mutumbwi alimuona Hugues," alisema, akishusha sauti. "Muguu yake imevimba, iko natoa harufu. Hawezi tena kusimama, banamubeba kama mutoto. Alisema aniambie niuze filet yake, wavu ile mupya. Hugues, kuuza filet yake! Nikajua huyu mutu anaaga." Akajipangusa uso kwa kanga yake. "Lakini kama iko ndani, basi. Bon. Iko ndani."

Akamfungia samaki wawili kwenye jani, akakataa kusikia habari ya bei. Nyota aliwachukua. Nawaambieni, kuna mizigo myepesi ambayo mtu akiibeba anatamani ardhi ipasuke.

Jioni alikwenda kwa Zuberi. Nyumba ilikuwa imefurika: mashangazi kutoka Isangi, vijana wa karakana, majirani wasio na mwaliko. Safiya, mke wa Zuberi, alikuwa akiponda ndizi za lituma kwa mchi, akiimba. Suti mpya ilitundikwa ukutani, na kila aliyepita aliigusa mkono kama anasalimiana nayo. Nyota alikuwa amekata shauri njiani: atamvuta kaka yake kando, atamweleza habari ya mguu wa Hugues, atamwomba. Ataomba nini hasa, hakujua. Hakuna maneno mazuri ya kumwambia mtu kwamba kiti chake kinaweza kumuua mwenzake.

Zuberi ndiye aliyemvuta yeye kando, mpaka nyuma ya nyumba, penye mbao za mashua. Alikuwa fundi wa mashua kubwa za mizigo, na mkono wake wa kulia ulikuwa na harufu ya lami ambayo hakuna sabuni iliyoiweza.

"Nisomee kidogo," alisema, akimpa hotuba fupi aliyoiandika kwa ajili ya kesho.

"Wee mwenyewe unajua kusoma, yaya."

"Najua. Lakini masikio yangu ilizoea sauti yako."

Hiyo ilikuwa desturi yao tangu utotoni. Baba yao alipokufa, Zuberi aliacha shule akaingia karakana ili Nyota abaki darasani. Kila jioni alirudi amechoka, akalala chali juu ya mbao, akafumba macho na kumwambia: nisomee ulichosoma leo. Na Nyota akasoma: historia, hesabu, hata mashairi ya Kifaransa ambayo hakuna kati yao aliyeyaelewa. Akiruka mstari, Zuberi alimrudisha, macho bado yamefumbwa. Watu humuuliza Nyota wapi alijifunza kusoma mbele za watu. Alijifunza pale, mbele ya msikilizaji mmoja.

Akaisoma hotuba. Ilikuwa nzuri. Ilisema kwamba mtoni watu wanakufa kwa sababu mashua zinajazwa kupita kiasi, na kwamba yeye anayezijenga anajua zinabeba kiasi gani. Zuberi alisikiliza amefumba macho, na hotuba ilipofika mwisho alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyevishwa viatu vipya. Nyota akamrudishia karatasi, akaenda kula lituma pamoja na wengine. Habari ya mguu wa Hugues alirudi nayo kwake.

Ijumaa mvua ya alfajiri iliondoka na umeme. Jenereta la Bunge likakohoa mara mbili, likanyamaza. Bila umeme hakuna vipaza sauti, na hakuna ile mashine inayorekodi mijadala. René alikuwa na haraka: alitaka mawaziri wakubaliwe kabla ya sala ya Ijumaa, ili mchana watu wale na kunywa kwa raha. Akaamua kuanza hivyo hivyo. Wateule walikuwa wamekaa kwenye viti vya wageni, wamenyooka. Zuberi alikuwa wa mwisho, suti inambana mabega. Nje, kwenye baraza, Chimène alikuwa amesimama na wake wengine wa wavuvi, wakichungulia dirishani.

"Rapporteur, tusomee ordre du jour. Haraka, haraka."

Nyota alisimama. Karatasi aliyoishika ilisema uteuzi kwanza, mkataba pili, na haikuwa na kosa. Ukumbi ulikuwa kama soko. Mbunge wa Basoko mwenyewe, Honorable Jeancy, ambaye wavuvi ni watu wake, alikuwa ameinamia simu. René alikuwa amempa mgongo, akimfokea mtu kuhusu mafuta ya jenereta.

Ni mmoja tu aliyekuwa ametulia. Zuberi alikuwa amefumba macho.

Ee Mola, Nyota aliomba kimoyomoyo, leo asisikie. Akasoma.

Alisoma mkataba kwanza. Alisoma uteuzi pili. Hakunong'ona wala hakupaza, alisoma kwa sauti yake ya siku zote. Tusimpambe: rapporteur husoma alichopewa, na alichofanya hakikuwa halali. Alipoinua macho, Zuberi alikuwa ameyafumbua, anamtazama.

"Iko mutu ya kupinga?" René aliuliza bila kugeuka, na nyundo ilikuwa imekwisha kushuka. "Adopté. Alors, tunaanza: investiture ya baministres."

"Samahani, Bwana Président," alisema Nyota. "Ya kwanza iko mukataba. Ndiyo tulipitisha sasa hivi."

René akageuka. Akatazama karatasi yake, akaiinua juu. "Hapa kwangu iko andikwa investiture."

"Haihesabike karatasi," Jeancy aliruka, simu ikamponyoka. Alikuwa hajasikia lolote, lakini harufu ya bahati aliinusa mara moja. "Inahesabika ile ilisomwa na kupigiwa nyundo. Règlement, kanuni yetu, iko wazi! Weye mwenyewe ulipiga!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wa gavana walisimama, watu wa mtoni walisimama, kila mmoja akiapa alichosikia, na hakuna aliyekuwa amesikia kitu. René akagonga nyundo mpaka wakanyamaza. Alikuwa mwekundu wa macho, lakini hakuwa mjinga.

"Tulieni! Mutu mwenye alisikia kwa masikio yake, anyanyue mukono. Lakini ataapa. Na kama alidanganya, nitamupeleka kwa nidhamu."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Waheshimiwa wakaanza kutazama viatu vyao. Ilikuwa aibu ya kuchekesha, na siku nyingine Nyota angecheka, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mashine haikurekodi. Shahidi hayupo. Kungebaki neno lake dhidi ya karatasi, na karatasi ingeshinda.

Ndipo René akatabasamu. Alikuwa amewaona wateule.

"Bwana Zuberi Mahmoudi," alisema kwa upole. "Hauko député wa Bunge hii, lakini mi nakupa ruhusa. Jina yako ilikuwa inasomwa, lazima ulikuwa unasikiliza. Mutu mwenye dini, siku ya Ijumaa. Tuambie mbele ya wote: rapporteur alisoma nini kwanza?"

Watu wa gavana wakarudi kukaa, wengine tayari wakicheka, kwa sababu jibu lilikuwa linajulikana. Nani atajivua nguo mwenyewe hadharani? Hata Jeancy alikata tamaa, akainama kutafuta simu yake chini ya meza.

Zuberi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamtazama dada yake. Nyota alijua kwamba neno moja kutoka kwake lingetosha: investiture. Lingempa kiti, lingemwaibisha Nyota mbele ya jimbo zima, na haki yake ingekuwa hiyo. Kule dirishani uso wa Chimène ulikuwa umegandamana na kioo, hauelewi ni nini kinachoulizwa.

"Mukataba," alisema Zuberi.

"Bwana Zuberi, fikiri vizuri. Unaelewa kitu unasema?"

"Naelewa, Président. Alisoma mukataba kwanza, investiture ya pili. Nilisikia vizuri." Akakaa.

Kisha René, ambaye angetaka kumeza ulimi wa yule fundi mashua, akalazimika kuita mkataba. Vifungu vikasomwa kimoja kimoja kama sheria inavyotaka, na kila kimoja kikapigiwa mikono. Hakuna aliyepinga hata kimoja. Kifungu cha wavuvi kilipopita, vigelegele vilitoka barazani, mtu akagonga kioo kwa furaha, na mlinzi akaenda kuwafukuza wanawake kisha akabaki huko huko akishangilia nao.

Walipomaliza, adhana ilikuwa imekwisha kuita. Mkutano ukasimama kwa sala. Uliporudi, wabunge wa mtoni walikuwa bandarini wakipanda mashua zao, na René alihesabu viti mara mbili kwa kidole, midomo ikimcheza. Akidi haikutimia. Kikao kikafungwa. Wateule wakainuka wakaenda kuvua suti zao.

"Weye," René alimwambia Nyota akipita, "tutaonana." Na kweli walionana: hakumaliza mwezi akiwa rapporteur. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba Ijumaa ile jioni alikwenda kwa kaka yake, na Safiya akamwambia mlangoni, bila kumtazama, kwamba Zuberi amelala. Jua lilikuwa bado halijazama.

Alimpata kesho yake asubuhi, kwenye libongo, ile bandari ndogo inapofungwa mashua za watu binafsi. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya lami, anapakia mafuta na godoro ndani ya mashua yake mwenyewe. Chimène alikuwa amekwisha kupanda, amekumbatia sufuria na dawa, analia na kucheka kwa pamoja. Alipomwona Nyota alimpungia mikono yote miwili.

"Unaenda kumuchukua Hugues," alisema Nyota.

"Hawezi kusimama. Nani atamubeba?" Zuberi aliendelea kukaza kamba ya pipa. "Karatasi ya kumufungulia banatupatia Basoko."

"Yaya, nisamehe."

"Kwa nini? Hugues anarudi. Ulifanya muzuri."

"Kiti yako..."

"Achana na kiti." Akanyanyuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Siku ya Alhamisi ulifika kwangu. Ulikula. Ulinisomea hotuba yangu. Ulikuwa unajua habari ya muguu ya Hugues?"

"Nilikuwa najua."

"Na haukuniuliza."

"Ungekubali?"

Zuberi alifikiri. Nyota alimwona akifikiri kweli, bila kujipendekeza.

"Sijui," alisema. "Pengine ningekataa. Pengine tungegombana mupaka Safiya atufukuze wote wawili. Lakini kiti ilikuwa yangu. Ni mi ndiye ningeitoa. Weye uliichukua, kisha ukaniacha nisimame pale mbele ya batu yote nichague kati ya dada yangu na kiti ya uongo."

Akaingia mashuani, akavuta kamba ya injini. Haikuwaka. Akaivuta tena, ikawaka, moshi ukatanda juu ya maji. Kisha akarudi mpaka ukingoni mwa mashua, akainama ili Nyota peke yake amsikie.

"Tangu papa alikufa, wee unasoma, mi nasikiliza. Hakuna siku nilichoka. Jana nilikuona usoni. Ulikuwa unasoma na unaomba Mungu nisisikie."

Akamwonyesha gogo la kufungia. "Fungua kamba."

Nyota aliinama akaifungua ile kamba iliyolowa, akaitupa mashuani, na mashua ikateremka na maji kuelekea Basoko. Alitafuta neno la kumpigia kelele kaka yake kabla hajafika mbali. Hata angelipata, kwa ngurumo ile ya injini Zuberi asingesikia, na ndivyo hasa alivyoomba.